Tuliokulia vihambani: tunaukumbuka umaskini, au tunakumbuka kitu kingine?

Mwanakibosho (mleta uzi)

Ndugu zangu, kila ifikapo Desemba, mabasi ya kutoka Dar es Salaam yanapoleta Wachagga kula Krismasi nyumbani, huanza mazungumzo yaleyale katika kila kilabu cha mbege na kila baa ya Moshi: kwamba utotoni tulikuwa maskini wa kutupwa lakini tulikuwa na raha, na kwamba watoto wa leo wamepewa kila kitu isipokuwa raha hiyo. Nimeyasikia mara nyingi na hata mimi huyasema nikishafikisha kata ya pili. Safari hii naomba tuyachambue, kwa sababu naona tunachanganya kukosa vitu madukani na kukosa mali. Sisi tuliokulia mlimani Kilimanjaro miaka ya 1970 na 1980 vitu tulivikosa kwelikweli, lakini mali tulikuwa nayo, tena ya kutosha kuliko waliyonayo wengi wanaoishi leo katika vihamba hivyohivyo, yaani yale mashamba yanayozunguka nyumba.

Nianze na kukosa, nisije nikadhaniwa ninapamba. Nilikuwa miongoni mwa watoto walioingia darasa la kwanza baada ya Elimu ya Msingi kwa Wote kuanza kutekelezwa mwaka 1977, na madarasa yalikuwa yamejaa kiasi kwamba wengine tulikalia matofali. Kaptura ilikuwa moja, ikifuliwa Jumamosi na kuvaliwa Jumatatu, na nyuma ilikuwa na viraka viwili ambavyo havikufanana rangi. Viatu hatukuvijua. Jioni mama alituketisha karibu na koroboi akatutoa funza kwa pini, kisha akadondosha mafuta ya taa penye tundu, na aliyelia alichekwa na wenzake mpaka akanyamaza. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 hadi 1979 hali ikawa ngumu zaidi: sabuni ikatoweka, tukafulia majani ya mpapai, sukari ikawa ya foleni, na waliokuwa na ndugu Rombo walisubiri mzigo wa magendo kutoka ng'ambo ya mpaka wa Kenya. Mwaka 1983, msako wa wahujumu uchumi ulipopamba moto, ninajua nyumba ambazo zilificha miche ya sabuni chini ya majani ya ng'ombe.

Sasa tazameni kilichokuwa kimezunguka nyumba hiyo isiyokuwa na sabuni. Kihamba kwa kawaida hakifiki hekta moja, lakini kimepangwa kwa ghorofa. Juu kabisa ipo miringaringa na migrevilia inayotoa kivuli, mbao na kuni. Chini yake migomba. Chini ya migomba mibuni. Na chini ya mibuni magimbi, maharage na mboga. Bandani wamo ng'ombe wawili watatu ambao hawatoki kwenda malishoni, bali hukatiwa majani na vigogo vya migomba wakaletewa mlangoni, na samadi yao hurudishwa kwenye mashina ya migomba ileile. Kwa hiyo mtoto mwenye kaptura ya viraka alikunywa maziwa asubuhi, akala ndizi za mchare na maharage mchana, na mama akijifungua kulikuwa na mtori jikoni. Wapo Watanzania wengi wa rika letu, katika mikoa ya ukame, ambao wakisema walikuwa maskini wanamaanisha kulala na njaa. Sisi tukilitumia neno lilelile mbele yao tunapaswa kuona haya kidogo.

Hapa ndipo nataka kukaa zaidi, kwenye kazi, kwa sababu ninaamini hicho ndicho tunachokikumbuka bila kukitaja. Mtoto wa miaka minane alikuwa na kazi ambayo asipoifanya, mtu au mnyama alipata taabu siku hiyohiyo. Aliyepewa kukata majani ya guatemala kwenye kingo za shamba akisahau, ng'ombe alilia usiku kucha na nyumba nzima ikajua ni nani aliyesahau.

Kazi niliyoipenda mimi ilikuwa kulinda maji ya mfongo. Kwa vijana wasiojua, mifongo ni mifereji iliyochimbwa na wazee wetu kabla Mjerumani hajafika, ikayatoa maji kwenye makorongo ya juu na kuyazungusha mabegani mwa vilima mpaka kwenye vihamba, kwa mteremko uliopimwa kwa macho na kwa maji yenyewe. Kila ukoo ulikuwa na zamu yake, wengine mchana, wengine usiku, na wazee wa mfongo ndio walioipanga na kuamua kesi. Zamu yenu ikifika, baba alifungua lango la udongo na majani ya migomba, kisha watoto tulitawanywa kando ya mfereji, kila mmoja na kituo chake, tuhakikishe kwamba jirani wa juu hachepushi maji gizani. Wizi wa maji ulikuwapo, tena ulifanywa na watu wazima wenye heshima zao, na ukimkamata mzee wa watu ameinama na jembe lake kwenye ukingo, hukupiga kelele. Ulisema tu "Shikamoo babu," naye akaitikia na kuziba pale alipopatoboa. Siku ya kusafisha mfongo nyumba zote zilitoa mtu, na nyumba isiyotoa ilitozwa faini ya pombe.

Msimu wa kahawa ulikuwa jambo jingine. Tuliichuma ikiwa nyekundu, tukaimenya jioni kwa mashine ya mkono ambayo nyumba kadhaa zilitumia kwa kupokezana, ikalazwa ili ule utelezi uchache, ikaoshwa, kisha ikaanikwa juu ya meza za waya, ambapo ilikuwa kazi yetu kuigeuza na kuifunika mvua ikinusa. Fedha hazikuja zote kwa mkupuo. Kulikuwa na malipo ya kwanza siku ya kupeleka mzigo, kisha malipo ya nyongeza baada ya kahawa kuuzwa, na sare zetu, karo za kaka zetu wa sekondari na mabati ya nyumba vilisubiri hayo ya nyongeza. Wazee walikuwa wameuzoea mpango huo tangu kwenye ushirika wao, kwa maana chama chao cha kwanza cha wakulima kiliundwa mwaka 1925, na KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro, ikazaliwa mwaka 1933. Ndiyo maana serikali ilipovivunja vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976, kijijini kwetu watu waliendelea kusema "napeleka kahawa chamani" kana kwamba hakuna kilichotokea, mpaka KNCU iliporejeshwa mwaka 1984.

Kisha mwezi Julai 1989 mfumo wa kimataifa wa mgawo wa kuuza kahawa ukavunjika, bei ikaporomoka, na muda si mrefu ruzuku ya dawa na mbolea nayo ikaondoka. Nyumba ambayo ilikuwa inapulizia mibuni dawa ya mrututu kila msimu ikaacha, na ugonjwa wa chulebuni ukaingia. Umaskini ninaouogopa mimi ndio huo uliokuja baadaye, pale ambapo madukani kila kitu kilikuwapo na mitumba ilijaa soko la Kiboriloni, lakini mibuni haikulipa tena na kihamba kimoja kilikuwa kimegawanywa kwa wana wanne. Huo sijamsikia mtu yeyote akiutamani kilabuni.

Kwa hiyo swali langu kwenu ni hili: tunaposema tunatamani maisha yale, tunatamani nini hasa?

Mama Kirua

Kaka Mwanakibosho, nimekusoma mpaka mwisho na umeandika vizuri, lakini nimeona kwamba katika kihamba chako majani ya ng'ombe yanapatikana ukingoni mwa shamba. Guatemala ya ukingoni ilikuwa ya siku za mvua. Kiangazi kikikaza, majani yalitoka tambarare, na aliyeyafuata hakuwa wewe. Sisi wasichana na mama zetu tuliondoka kabla ya mapambazuko, tukashuka mpaka kwenye mashamba ya mahindi ya chini, tukakata, tukafunga mzigo, tukatia ngata kichwani na kupanda mlima nao wakati wa jua. Kuni nazo zilitoka upande wa pili, juu, kwenye ule ukanda wa nusu maili uliotengwa mwaka 1941 ili wenyeji wapate kuni na majani bila kuingia msitu wenyewe wa serikali. Ukitaka kujua ng'ombe wa bandani alikula nini, tazama utosi wa mama yako.

La pili ni hiyo mali unayosema tulikuwa nayo. Kihamba kilikuwa cha baba, na baada ya baba kilikuwa cha wanawe wa kiume. Malipo ya kahawa, ya kwanza na ya nyongeza, yalipokewa na baba kwa jina lake, ingawa mibuni ile ilipaliliwa na mama na kahawa ilioshwa na sisi. Vilivyokuwa vya mama ni ndizi, maziwa yaliyobaki na mbege. Mbege yenyewe ilimchukua siku kadhaa: kuchemsha ndizi mbivu, kuzilaza, kuandaa kimea cha ulezi, kutia gome la msesewe ili lisawazishe utamu, na baada ya hapo kukaa sokoni siku nzima. Daftari zangu zote za shule ya msingi zilitoka kwenye kata za mbege, wala si kwenye kahawa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inamtambua mwanamke kuwa na haki ya ardhi sawa na mwanamume, lakini naomba wenye dada hapa wajibu kimoyomoyo ni dada wangapi wamekatiwa kipande kihambani kwao.

Pamoja na hayo, nami ninayo ninayoyakumbuka kwa hamu, na si yale yako. Ninakumbuka njia ya tambarare tukiwa wasichana kumi, hakuna kaka wala baba, tunasimuliana mambo ambayo nyumbani yasingetamkika, na tukifika penye jiwe la kupumzikia tunatua mizigo na kucheka mpaka tunasahau shingo zinavyouma. Ninakumbuka pia siku za soko la Mwika, nimekaa juu ya majani ya migomba nyuma ya mama, ninamwona akipiga bei kwa sauti ambayo nyumbani hakuwa nayo. Mzigo siutamani hata kidogo. Lakini sijapata tena mahali pa kukaa na wanawake wenzangu kwa saa nyingi namna ile bila mtu kutuuliza tunafanya nini, na VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa, si badala yake, maana huko tunahesabiana fedha.

Mzee wa Tengeru

Wanangu, mimi ni wa upande wa Mlima Meru, Arusha, na nimewatangulia kidogo kwa umri, hivyo mniruhusu niseme machache. Mlimani kwetu nako ni migomba, kahawa na mifereji, na michezo ilikuwa hiyohiyo: mpira wa majani makavu ya mgomba uliokazwa kwa kamba, toroli la mbao lisilo na breki, na kuteremka kilima ukiwa umekalia gogo la mgomba mpaka kaptura inaisha.

Nina mashaka na kauli ya kwamba sote tulikuwa sawa, ambayo naona inanukia katika hoja hizi hata kama haijatajwa waziwazi. Ilikuwapo nyumba ya mabati na ilikuwapo nyumba ya majani, na mtoto wa nyumba ya majani alijua vizuri sana ni wapi asiingie. Wala uhaba wa ardhi haukuanza na wanenu wanne. Mwaka 1951 Waingereza waliwahamisha wazee wetu kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki, wakazichoma nyumba ili ardhi wapewe masetla, na mwaka uliofuata Kirilo Japhet akatumwa na Wameru mpaka Umoja wa Mataifa kulalamika. Sisi tulizaliwa ndani ya habari hiyo, na hakuna mzee aliyetusimulia enzi zake kama enzi za raha.

Lakini lililonifanya niandike ni jingine. Katika rika langu kijijini, surua ilipita na watoto, na kuhara kukapita na wengine. Mpango wa taifa wa chanjo ulianza mwaka 1975, na kabla ya hapo mama akizaa wanane hakutarajia kuwazeesha wote. Tunapokaa na kusema utoto ule ulikuwa mzuri, tunaosema ni sisi tuliobaki. Mdogo wangu niliyekuwa nikimbeba mgongoni angeulizwa, sijui angesema nini. Siandiki haya ili kuwaharibia mazungumzo. Nami huyakumbuka magogo ya migomba na kucheka peke yangu.

Kijana wa Majengo

Shikamooni wazee wangu. Mimi nimezaliwa mjini Moshi na kihamba ninakijua kwa Desemba tu. Cha babu kimeshagawanywa, kila baba mdogo amejenga nyumba ya kisasa ambayo hulala tupu miezi kumi na moja, na ng'ombe hawapo tena kwa kuwa hakuna wa kumkatia majani. Sehemu ya marehemu baba imebakiwa na mibuni mizee na migomba iliyodhoofu. Wazee wanaponisimulia habari za zamani ninafurahi, lakini nikiwauliza nikifanyie nini kipande hicho, wananiambia nisikiuze, kisha wanaendelea na hadithi. Naomba mwenye jibu zaidi ya hilo.

Mwanakibosho (mleta uzi)

Nimewasoma wote. Mzee wangu wa Tengeru, shikamoo. Habari ya mdogo wako nimeipokea, na kijijini kwetu yapo makaburi madogo chini ya migomba ambayo hatuyataji tunapokunywa. Dada yangu wa Kirua, la tambarare silipingi, bali naliongezea: kina mama waliposhindwa au kuchoka kupanda na ule mzigo, na mabinti walipopata shule na mji, ng'ombe alitoka bandani, ng'ombe alipotoka samadi ikaisha, samadi ilipoisha migomba ikadhoofu, kama anavyoiona kijana. Tulizoea kusema kihamba kiliuawa na bei ya kahawa, lakini nusu ya kilichokiendesha ilikuwa ni kazi ya mwanamke isiyolipwa, na ilipoondoka hakuna aliyeiwekea badala.

Kijana, jibu langu ni la kazi. Mibuni mizee unaweza kuikata kisiki ichipue upya, lakini kama ni ya aina ya zamani, isiyostahimili chulebuni na kutu ya majani, ni afadhali ubadilishe polepole kwa miche bora ya TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa, ambao makao yao yako palepale Lyamungo. Bei ya kahawa ya arabika duniani ilipanda sana mwaka 2024 na mwanzoni mwa 2025. Usiipigie hesabu ya kudumu, kwa maana sisi tumeshaiona ikianguka. Panda mchare katikati, kwa sababu ndizi huingiza fedha kila mara mkungu unapokomaa, wakati kahawa inakungojesha msimu. Kuhusu samadi, nunua kwa mwenye ng'ombe, au ukubaliane na baba zako wadogo mfuge mmoja kwa pamoja na kumlipa mtu wa kumtunza. Na huyo mtu, dada asinielewe vibaya, alipwe mshahara hata kama ni shangazi yenu.

Kabla ya yote hayo uliza maji. Nenda kwa wazee wa mfongo unaopita kwenu, uwaulize kama kipande cha baba yako bado kina zamu, kwa sababu zamu isiyotumika kwa miaka mingi humegwa kimyakimya na walio juu, na kuirudisha ni kesi ndefu. Watakuuliza kama nyumba yenu hutoa mtu siku ya kusafisha. Kwetu siku hiyo huwekwa kabla ya masika, wakati nyinyi wa mjini mmeshaondoka, na asiyefika bado anatozwa. Ila pombe imeshakuwa ghali, kwa hiyo siku hizi wazee wanapokea faini kwa simu.